Pumzi ya Kumalizia Sentensi

Heldur wa manunuzi ameziweka mbili mezani,
nyembamba, kila moja kama kipande cha biskuti,
akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza
kama ningekuwa mtu wa kulala usiku:
"Zote terabaiti mbili. Zote hazizunguki, hazilii.
Kwa nini hii iuzwe bei ya tatu za ile?"

Nje, Pärnu imeganda.
Mto umefungwa barafu hadi chini ya daraja,
watoto wanateleza pale palipokuwa maji.
Humu ndani hakuna majira:
feni tu, na taa za kijani zinazopepesa
kama wagonjwa wasiotaka kuamshwa.

Naigeuza ile rahisi.
Waranti miaka mitano, na chini yake, kwa herufi za sisimizi:
iandikwe theluthi ya ujazo wake kwa siku, isizidi.
Maabara yetu huandika, hufuta, huandika tena,
sukari, chumvi, seli nyeupe, seli nyekundu,
siku nzito hujaza diski nzima kabla ya chai ya jioni.
Itakuwa imechakaa, Heldur,
nawe hujamaliza kulipia mashine ya kahawa.

"Lakini ina kasi zaidi. Imeandikwa kwenye boksi."
Ya boksi ni kasi ya dakika ya kwanza.
Mimi natafuta kasi ya saa ya sita,
zamu mbili zinapokutana na kila mtu anabofya.

Sitaki kumweleza ya Novemba.
Namweleza.

Umeme ulikatika sekunde nne.
Betri za akiba zilikuwa zimezeeka, jenereta ikakohoa mara mbili.
Sekunde nne: Urmas mlinzi hakumaliza hata tusi lake.
Lakini diski ilikuwa imeshaiambia seva, "Nimeandika,"
kumbe neno lilikuwa bado mdomoni.

Ahadi ni deni.
Deni lile lililipwa na mzee wa kitanda cha tisa,
mishipa imejificha, mkono umejaa michubuko,
Leelo akitafuta damu kwa sindano ya tatu
kwa ajili ya majibu tuliyokwisha kuyapata tukayapoteza.
Mzee hakulalamika. Aliuliza tu,
"Ile ya kwanza mliipeleka wapi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika bisibisi.

Sasa tazama hii ya ghali.
Naifungua kifuniko, Heldur anavaa miwani.
Hapa pembeni, safu ya kapasita,
manjano, ndogo kama punje za mtama.
Umeme ukienda, hizi zina akiba ya chembe ya sekunde.
Haitoshi kuwasha taa ya friji.
Inatosha kumalizia sentensi.

Ananyamaza. Anapiga hesabu pembezoni mwa karatasi.
"Zako nane siwezi. Fedha ni za nne."
Basi nne, ziende maabara na wodini.
Picha za mifupa zikae kwenye zile rahisi:
mfupa huandikwa mara moja, husomwa mara mia.
Barua pepe za wakurugenzi nazo, hukohuko.
Anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Na hii nayo ikidanganya?"
Ndiyo maana zinakaa mbilimbili, moja ikiirudia nyenzake,
na nitaomba za makundi tofauti ya kiwandani,
zisije zikazaliwa siku moja zikafa siku moja.

Anasaini.
Katikati ya jina la ukoo kalamu inakauka,
anaitikisa, anaipulizia, wapi.
Nampa yangu.